Jinsi ya kubadili kemia ya RNA ndogo zinazonyamazisha jeni: mwongozo kamili kwa watafiti wa Lubumbashi

RNA ni molekuli isiyodumu, na chanzo cha udhaifu wake ni kitu kidogo sana: kundi la haidroksili lililoshikamana na kaboni ya 2′ ya kila sukari yake. Kundi hilo, likisaidiwa na vimeng'enya vya ribonuklease, huishambulia fosfati iliyo jirani nalo na uzi ukakatika. Vimeng'enya hivyo vimejaa katika damu, katika jasho na kwenye ngozi ya vidole vyetu, na ndiyo maana RNA ndogo ambayo haijabadiliwa, ikidungwa mwilini, huharibika kabla ya kufika inakotakiwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuibadili RNA hiyo kikemia ili idumu na bado iweze kunyamazisha jeni. Ninauandika kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wa hapa Lubumbashi ambao husoma kemia au biolojia kwa Kifaransa darasani, kisha wakitoka nje hujadiliana kwa Kiswahili, na ambao wana pipeti, mashine ya PCR na ari, lakini hawana mashine ya kutengenezea RNA.

Tutafuata jeni moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni TTR, inayobeba maagizo ya protini ya transthairetini. Protini hiyo hutengenezwa kwa wingi na ini, na ikipoteza umbo lake hujikusanya katika neva na katika moyo, ikaleta ugonjwa wa amiloidi. Nimeichagua kwa sababu seli za HepG2, zitokanazo na uvimbe wa ini la binadamu na ambazo maabara nyingi huzifuga, huitengeneza kwa kiasi kinachopimika bila taabu, na pia kwa sababu historia ya dawa zake inafundisha somo letu vizuri kuliko maelezo yoyote.

Dawa tatu, jeni moja

Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni katika mnyoo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl lilionyesha kwamba katika seli za binadamu inatosha RNA fupi ya nyukliotidi 21, ile tunayoiita siRNA. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Inailenga TTR, lakini imebadilishwa kikemia mahali pachache tu, hivyo hubidi ifungwe ndani ya chembe za mafuta na kutiwa mishipani kila baada ya wiki 3, kwa kipimo cha miligramu 0.3 kwa kila kilo ya mgonjwa.

Baadaye ilijaribiwa revusiran, ambayo haikuhitaji chembe za mafuta kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na sukari inayotambuliwa na ini. Kemia yake ilikuwa bado haijakomaa, na mgonjwa alihitaji miligramu 500 kwa wiki. Majaribio yake yalisimamishwa mwaka 2016 baada ya vifo kuwa vingi zaidi kwa waliopewa dawa kuliko kwa waliopewa dawa tupu. Mwaka 2022 ikaidhinishwa vutrisiran: jeni ni ile ile, sukari ni ile ile, kiungo kinacholengwa ni kile kile, lakini kipimo chake ni miligramu 25 kila baada ya miezi 3. Msomaji aisome tena tofauti hiyo polepole. Kwa sehemu kubwa imetokana na kujua ni kundi gani la kemikali liwekwe katika nafasi ipi, na kazi yote iliyo hapa chini ni kujifunza kupanga nafasi hizo.

Hatua ya kwanza: ijue protini itakayoishika RNA yako

siRNA haifanyi kazi peke yake. Ikishaingia ndani ya seli, hupokewa na protini iitwayo Ago2, ambayo huutupa uzi mmoja na kubaki na mwingine. Uzi unaobaki tuuite uzi mwongozo, na unaotupwa tuuite uzi abiria. Ago2 huushika uzi mwongozo kwa ncha zake zote mbili: fosfati ya ncha ya 5′ (mwanzo wa uzi) huingia katika mfuko wake maalumu, na ncha ya 3′ (mwisho wake) hushikwa na mfuko mwingine. Nyukliotidi za nafasi ya 2 hadi ya 8, zinazoitwa mbegu, hutangulizwa mbele kuitafuta mRNA (nakala ya jeni inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini) inayolingana nazo. mRNA ikipatikana na kulingana vyema, Ago2 huikata mahali panapotazamana na katikati ya nafasi ya 10 na ya 11 ya uzi mwongozo, ikaiachia, ikaenda kukata nyingine.

Chora mchoro huu katika daftari lako na uweke namba za nafasi zote, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata utauhukumu kwa mchoro huo. Kuna nafasi ambazo Ago2 imezibana sana na haina nafasi ya kundi lolote nene, na kuna nyingine ambazo ziko wazi na zinavumilia karibu kila kitu.

Hatua ya pili: chagua mahali pa kulenga

Pakua mfuatano wa mRNA ya TTR kutoka hifadhidata ya NCBI, ambayo ni ya bure na hufunguka hata kwa intaneti ya simu. Patisiran inalenga sehemu ya mwisho ya mRNA, ile isiyosomwa kuwa protini, na sababu yake ni ya busara: mabadiliko mengi ya kurithi yanayoleta ugonjwa yako katika sehemu inayosomwa, hivyo dawa inayolenga nje yake huwafaa wagonjwa wote. Nawe tafuta vipande vya nyukliotidi 21 ambavyo havibadiliki baina ya watu, vyenye G na C (RNA ina herufi nne: A, U, G na C) kati ya asilimia 30 na 52, na visivyo na herufi moja iliyojirudia mara nne mfululizo.

Kisha tazama ncha. Ago2 huupendelea uzi ambao ncha yake ya 5′ imeshikamana kwa ulegevu na mwenzake. Kwa hiyo ncha ya 5′ ya uzi mwongozo iwe na A na U kwa wingi, ikiwezekana ianze na U, na ncha ya 5′ ya uzi abiria iwe na G na C. Ukipuuza jambo hili, Ago2 itabaki na uzi usiotakiwa, na hakuna kemia itakayokuokoa baadaye.

Mwisho pitisha kila mfuatano katika programu ya BLAST ili uone kama haufanani na mRNA nyingine ya binadamu. Wanaolenga virusi wana kazi ya ziada, kwa kuwa virusi hubadilika: wakati wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, siRNA iliyokuwa imeandaliwa kwa aina ya zamani ililazimika kurekebishwa ilingane na aina iliyokuwa ikienea, na ilipojaribiwa Sierra Leone mwaka 2015 haikuonyesha kuokoa maisha. Chagua angalau sehemu 4 au 5, usijiwekee tumaini katika moja.

Hatua ya tatu: panga makundi ya kemikali, nafasi kwa nafasi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka.

Vifaa vyako vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni 2′-O-methili, ambapo haidroksili hufunikwa kwa kundi la methili. Ni kundi la asili, linapatikana katika RNA za mwili wenyewe, linaikinga RNA na vimeng'enya, na linaituliza kinga ya mwili, hasa vipokezi vya TLR7 na TLR8 vinavyoshtuliwa na RNA ngeni yenye U nyingi. Kasoro yake ni unene. Cha pili ni 2′-floro, ambapo haidroksili huondolewa na badala yake huwekwa atomu ya florini. Atomu hiyo ni ndogo, huifanya sukari ikae katika mkao ule ule wa RNA, na Ago2 huipokea bila shida hata mahali penye msongamano. Hata hivyo, ulinzi wake dhidi ya vimeng'enya ni mdogo kuliko wa methili. Cha tatu ni fosforothioeti, ambapo oksijeni moja ya fosfati hubadilishwa kuwa salfa. Hiyo huzuia vimeng'enya vinavyotafuna uzi kuanzia ncha, kwa hiyo mahali pake ni kwenye ncha.

Tulipoanza, mimi na mwenzangu tulidhani kwamba kama methili inalinda, basi methili kila mahali italinda zaidi. Tuliagiza siRNA ambayo nyukliotidi zake zote, katika nyuzi zote mbili, zilikuwa na 2′-O-methili. Katika seramu ilidumu kwa siku kadhaa bila dalili ya kuchoka, nasi tukafurahi. Katika seli haikunyamazisha chochote, kwa sababu Ago2 haikuweza kuishika inavyopaswa. Fedha za muhula mzima zilikwenda hivyo, na somo likabaki: molekuli isiyovunjika na isiyofanya kazi ni chumvi ya bei ghali.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeanza ni wa uzi abiria wenye nyukliotidi 21 na uzi mwongozo wenye nyukliotidi 23, ambapo nyukliotidi 2 za mwisho za uzi mwongozo zinaning'inia upande wa 3′. Tukiandika m kwa methili na f kwa floro, kuanzia ncha ya 5′, uzi mwongozo utakuwa hivi:

m f m m m f m m m m m m m f m f m m m m m m m

Na uzi abiria utakuwa hivi:

m m m m m m f m f f f m m m m m m m m m m

Hesabu mwenyewe: katika uzi mwongozo floro ziko nafasi ya 2, 6, 14 na 16. Nafasi ya 2 na ya 14 ndizo zisizovumilia unene hata kidogo, na atakayeweka methili hapo ataona nguvu ya siRNA ikiporomoka. Katika uzi abiria floro ziko nafasi ya 7, 9, 10 na 11, karibu na pale Ago2 inapoukata uzi huo ili uondoke. Fosforothioeti ziwe 6 kwa jumla: viungo viwili vya kwanza vya uzi abiria upande wa 5′, na viungo viwili katika kila ncha ya uzi mwongozo. Ncha ya 3′ ya uzi abiria haihitaji salfa, kwa kuwa itabeba sukari ya kuielekeza kwenye ini, nayo huilinda.

Usiongeze salfa ovyo. Kila kiungo cha fosforothioeti huwa na maumbo mawili, la kushoto na la kulia, kwa hiyo viungo 6 hukupa mchanganyiko wa molekuli 64 zenye uzito mmoja na maumbo tofauti. Tena salfa nyingi huifanya RNA ing'ang'anie protini ambazo hukuzikusudia.

Mabadiliko mawili mengine yanafaa kujulikana, ingawa si ya oda ya kwanza. La kwanza ni vinilifosfoneti katika ncha ya 5′ ya uzi mwongozo. Ago2 inahitaji fosfati hapo, lakini mwili una vimeng'enya vya kuiondoa, na methili iliyo katika nafasi ya 1 huvizuia kwa kiasi vimeng'enya vya kuirudisha. Vinilifosfoneti huigiza fosfati hiyo na haiondolewi. La pili ni nyukliotidi ya glaikoli, GNA, inayowekwa ndani ya mbegu, mara nyingi nafasi ya 7. Huilegeza mbegu kidogo, kiasi kwamba mRNA inayofanana na mbegu peke yake haishikwi, ilhali ile inayolingana na uzi wote bado hushikwa. Katika panya, madhara mengi ya ini yaliyodhaniwa kutokana na kemia yenyewe yalipungua mbegu ilipolegezwa namna hiyo.

Hatua ya nne: amua itakavyofika kwenye seli

siRNA ina chaji hasi zipatazo 40 na haipenyi utando wa seli. Kwa ini suluhisho ni GalNAc, sukari ambayo hutambuliwa na kipokezi cha ASGPR kilichojaa juu ya seli za ini. Sukari tatu huunganishwa kwa matawi kwenye ncha ya 3′ ya uzi abiria, kipokezi kikazishika, kikaingia nazo ndani, kikarudi juu kuchukua nyingine. Hata hivyo, sehemu kubwa hubaki imefungwa ndani ya vifuko vya endosomu, na chini ya asilimia 1 ndiyo hutoka na kufanya kazi. Hapo ndipo uimara wa kemia unapolipa: molekuli isiyovunjika hukaa ndani ya vifuko hivyo kwa wiki nyingi ikivuja kidogo kidogo, na ndiyo sababu inclisiran, inayopunguza kolesteroli kwa kunyamazisha PCSK9, hudungwa mara mbili tu kwa mwaka baada ya dozi mbili za mwanzo.

Wazazi wenye watoto wa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu, huniuliza kama njia hii inaweza kuwafaa watoto wao, na swali lao linastahili jibu la wazi. Seli zinazohusika ziko ndani ya uboho wa mifupa, hazina kipokezi cha ASGPR, na GalNAc haiwezi kuzifikia. Kwa ubongo na macho watafiti wanatumia mnyororo wa mafuta wenye kaboni 16 badala ya sukari. Kwa uboho njia rahisi kama hizo bado haipo.

Hatua ya tano: andika oda yako kwa makini

RNA hutengenezwa juu ya punje za kioo, nyukliotidi moja baada ya nyingine, kutoka 3′ kuelekea 5′. Katika kila mzunguko kinga iliyo kwenye ncha ya uzi huondolewa kwa asidi, nyukliotidi mpya huunganishwa, nyuzi zilizoshindwa kuunganishwa huzibwa, kisha fosforasi hupewa oksijeni kwa iodini, au salfa pale ulipoagiza fosforothioeti. Uzi wa nyukliotidi 23 una miunganisho 22. Kama kila muunganisho hufaulu kwa asilimia 99, utapata uzi kamili kwa asilimia 80. Ukishuka hadi asilimia 98, utapata asilimia 64 tu, na adui mkubwa wa hatua hiyo ni unyevu. Ndiyo maana uombe usafishaji kwa HPLC, unaotenganisha uzi kamili na vipande vifupi, na cheti cha spektra ya masi, kinachoonyesha uzito wa molekuli, kwa kila uzi, usikubali kimoja bila kingine.

Cheti kikifika, kihakiki mwenyewe. Kila methili huongeza takriban daltoni 14 (kipimo cha uzito wa molekuli) juu ya RNA ya kawaida, kila floro 2, na kila fosforothioeti 16. Uzi mwongozo wetu una methili 19, floro 4 na salfa 4, kwa hiyo uzito wake uwe takriban daltoni 338 juu ya uzito wa mfuatano usiobadilishwa. Wenzetu waliofanya kazi katika maabara za kupima madini ya shaba na kobalti wataona kwamba nidhamu inayotakiwa hapa ni ile ile waliyoizoea: namba isiyolingana hairuhusiwi kupita kwa matumaini.

Agiza pia siRNA mbili za kulinganishia zenye kemia ile ile kabisa. Moja isilenge jeni lolote la binadamu. Nyingine iwe ya TTR, lakini herufi za nafasi ya 9, 10 na 11 za uzi mwongozo zigeuzwe kuwa za jozi yake (A iwe U, G iwe C, na kinyume chake), na uzi abiria urekebishwe ulingane nazo. Hiyo ina mbegu ile ile ila haiwezi kukata. Omba kila kitu kitumwe kikiwa kikavu, kwa sababu unga mkavu huvumilia siku kadhaa za njiani na za forodhani bila barafu.

Hatua ya sita: yeyusha na uunganishe nyuzi

Zungusha mirija katika sentrifuji kabla ya kuifungua, maana unga hujificha kwenye kifuniko. Chukua idadi ya nanomoli iliyoandikwa, izidishe kwa 10, na hiyo ndiyo idadi ya mikrolita za maji yasiyo na ribonuklease yatakayokupa mikromola 100. Pima kwa mwanga wa nanomita 260 uhakikishe. Changanya nyuzi mbili kwa kiasi sawa, mikromola 20 kila mmoja, ndani ya bafa ya fosfati yenye chumvi, pasha moto hadi nyuzijoto 95 kwa dakika 2 au 3, kisha acha ipoe polepole kwa saa moja.

Umeme ukikatika, sufuria inatosha. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzijoto 96, jambo linalofaa kabisa kwa kazi hii: chemsha maji, ondoa sufuria motoni, weka mirija ielee ndani yake na uiache hadi maji yapoe. Gawa siRNA katika mirija midogo ya matumizi ya mara moja moja, na sehemu moja ya kila uzi ibaki kavu ndani ya friza.

Hatua ya saba: pima uimara katika seramu

Weka siRNA katika seramu ya ndama ya asilimia 50 kwa nyuzijoto 37, pamoja na ile isiyobadilishwa kando yake. Toa sampuli mwanzoni, baada ya saa 1, 4, 24 na 48, isimamishe kwa EDTA, kemikali inayozuia vimeng'enya, na kuigandisha, kisha zipitishe zote pamoja katika jeli ya akrilamidi ya asilimia 20. Isiyobadilishwa itakuwa imeanza kuchakaa mapema. Ya kwako ibaki mstari mmoja mkali hadi mwisho. Ukiona mistari mifupi inashuka kama ngazi, vimeng'enya vinaanzia kwenye ncha, na salfa zako zina kasoro. Ukiona kipande kimoja tu kikubwa, uzi unakatwa katikati, nawe urudi kutazama nafasi ambayo methili haikuwekwa.

Hatua ya nane: pima unyamazishaji katika seli

Panda HepG2, uzipe siRNA kwa msaada wa lipidi za kupenyeza, kwa viwango vya nanomola 10, 1, 0.1 na 0.01, kila kiwango mara tatu. Usizitumie HepG2 kujaribu kuingia kwa GalNAc bila lipidi, kwa kuwa huipokea vibaya. Jaribio hilo linahitaji seli za ini zilizotolewa karibuni. Baada ya saa 24 toa RNA na upime mRNA ya TTR kwa PCR ya wakati halisi, ukilinganisha na jeni lisilobadilika. Mzunguko mmoja wa kuchelewa maana yake imebaki nusu. Mizunguko 3 maana yake imebaki asilimia 12.5.

Usiishie kwenye kiwango cha nanomola 10, ambapo karibu kila siRNA huonekana nzuri. Tofauti baina ya kemia mbili huonekana katika 0.1 na 0.01. Na ile yenye herufi 3 zilizogeuzwa, ikishusha TTR au ikizidhoofisha seli, basi unachokiona kinatoka kwenye mbegu, na hiyo ndiyo siku ya kuagiza GNA katika nafasi ya 7.

siRNA ya daraja la utafiti haiingii katika mwili wa mtu yeyote, hata kwa kujitolea, hata kwa mgonjwa aliyekata tamaa. Kazi ya wanyama na ya sampuli za wagonjwa ipite kwanza mbele ya kamati ya maadili ya kitabibu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Unapoandaa oda ya pili, badili jambo moja tu kwa kila molekuli. Chukua siRNA iliyoshinda, agiza nakala moja yenye vinilifosfoneti, nyingine yenye GNA, na nyingine ambayo floro ya nafasi ya 6 imekuwa methili, kisha zipime zote siku moja, katika seli za mfugo mmoja, kando ya ile ya mwanzo iliyokuwa imehifadhiwa kavu ndani ya friza.